Dhamana

Wakili Kashindye alifafanua, barazani Ipuli,
kidole juu ya hati: shtaka la kwanza, la pili,
la tatu kutakatisha fedha.
Upelelezi haujakamilika.
Lumola akaongeza kifungu, akapangusa miwani:
"Mwenyekiti ni mshtakiwa tu, mama, hajatiwa hatiani.
Ila shtaka la tatu halina dhamana."

Nyamizi aliendelea kuchuja asali, nta ikibaki kitambaani.
Dhamana anaijua.
Mwaka ule wa ada alikokota baiskeli ya marehemu
mpaka Ng'ambo, kwa mnunuzi wa tumbaku;
kijana akasoma, akapanda majukwaa,
baiskeli haikurudi.

"Halina?" akauliza, mikono inanata.
"Basi mwambieni hakimu
mimi niliweka zamani."