Mguu Umepanda Moyoni

Daktari alichora nyuma ya boksi la dawa:
moyo, mfano wa stafeli, na mishipa mitatu juu yake.
"Hapa pameziba. Na hapa. Na hapa."
Kalamu ikaacha madoa matatu ya wino.
Nikamwambia, basi zibueni.
Akatikisa kichwa. "Hatuzibui, Bi Mwanamkuu.
Tunapita kando."

Mimi ni mshona kofia za vito, Langoni.
Miaka arubaini na moja natoboa kitambaa tundu kwa tundu.
Najua kuuzungusha uzi. Sikujua
kwamba moyo hutibiwa ukaachiwa taka zake.

Usiku ule, wodini Mombasa, ndipo nikakumbuka
ukuta wa kina Famau ulioanguka mwaka wa mvua kubwa.
Mawe yalilala kichochoroni, asiyazoe mtu:
warithi saba, kila mmoja amngoja mwenziwe.
Tukawa twapita uani kwa Bi Tima,
kwanza kwa hodi, kisha kwa salamu, kisha kimya,
hata watoto waliozaliwa baadaye
wakapaita pale ndia.
Mawe yangalipo.
Maji yenda, mkate wenda, jeneza lenda.
Daktari husema njia. Mie husema ndia.
Tukafahamiana.

Sasa hesabu, nami napenda hesabu.
Mshipa mmoja waliushusha kutoka nyuma ya ziwa la kushoto,
ziwa alilonyonya Athman hadi akaota meno ya kuuma.
Miwili ikatoka mguuni, kifundo hadi paja.
Na mshipa wa mguu, kumbe, una vilango
vinavyofunguka upande mmoja tu, damu isirudi nyuma;
basi wakaugeuza, mwisho ukawa mwanzo,
kama niugeuzavyo uzi unaokataa kupita.
Nikauliza, uzi gani mtashonea?
Akanionyesha picha. Mwembamba kuliko unywele,
rangi ya buluu.
Nikamuonea wivu.

Jambo moja hakulieleza vizuri.
Alisema moyo utasimamishwa, mashine ishike kazi yake
saa moja, saa moja na nusu.
Nikauliza: na saa hiyo nitakuwa nampenda nani?
Na huu uchungu wangu na wifi yangu Zuhura, wa kikuku cha dhahabu,
niliouhifadhi hapa miaka kumi na minne,
mtauweka wapi?
Sista Mbeyu alicheka hadi akaangusha kipimajoto.
Daktari hakucheka. Akasema, "Sijui."
Hapo nikatia sahihi.

Walionirudisha hawakuniambia nilikokuwa.
Niliamka na bomba kooni,
nyaya sita za chuma zimeshikanisha kidari,
na kiu ya mtu aliyefunga bila kunuia.
Mguu uliniuma kuliko kifua; hilo
hakuna aliyenitahadharisha.
Nikikohoa nakumbatia mto
kama mtoto wa watu niliyeachiwa nimlee.
Na uchungu wa kikuku?
Nimeukuta. Umekonda, lakini ni ule ule.

Leo wiki ya saba. Nisiinue ndoo,
nisivute mlango mzito. Nitembee.
Sindano nimeishika jana, mkono ukatetema,
tundu tatu tu, na moja nimeifumua.
Natoka, napumzika baraza ya kwanza,
ya pili naipita bila kukaa, nairingia.
Mara punda wa Kupi huyo, na mifuko minne ya mchanga.
Kichochoro hakitutoshi.
Zamani ningemrudisha kinyumenyume hadi msikitini.
Nikajibana ukutani, kiganja juu ya kovu,
ndani pakigonga, pakigonga,
damu ikipita uani bila hodi,
nikamwambia: pita, baba,
mie nna ndia tatu.