Pima Sita na Shibiri

Mwalimu Tsuma aliandika ubaoni neno moja: kani.
Tukachekeana chini kwa chini,
maana kani kwetu Mji wa Kale ni ya mtoto asiyetaka kuoga,
ndiyo nyanya anayonisomea kama mashtaka:
"Una kani wewe Mwanatumu, kama punda aliyeona maji."

Akauliza: kufuli hii na kipande hiki cha chaki,
nikiviachia pamoja, kipi kitatangulia?
Kufuli! Darasa zima, hata Kadzo asiyesemaga.
Akapanda juu ya meza, soksi moja ina tundu,
akaachia.
Ta.
Mlio mmoja tu.
Nikanyosha mkono: "Mwalimu, hayo ni mazingaombwe."
"Basi usiniamini," akasema. "Kafanye kwenu."

Nikaenda nikafanya.
Kwenye roshani ya juu kabisa, pale tunapoteremsha kikapu
ili muuza mofa achukue sarafu na kutia mikate,
nilishika mbuzi ya nyanya mkono wa kulia
(mbuzi ya kukunia nazi, msinihukumu bado)
na ndimu mkono wa kushoto.
Chini kichochoroni binamu yangu Fadhili
alizuia watu na paka, simu mkononi, saa imewekwa tayari.

Niliviachia.
Maalim Shee alitoa kichwa dirishani: "Innalillahi!"
Vilifika pamoja. Sekunde moja na nusu,
na jino moja la mbuzi likapinda.

Usiku sikulala, wala si kwa sababu ya kukaripiwa,
ingawa nilikaripiwa nikaiva.
Kilichoninyima usingizi ni hiki:
dunia yaivuta mbuzi zaidi kuliko ndimu,
mkono wangu ni shahidi, ndio uliochoka.
Sasa mbona mbuzi isitangulie?

Jibu nilikutana nalo asubuhi, njia ya Marikiti.
Mkokoteni wa viazi, magunia kumi, wanaume watano wakiusukuma.
Ubavuni mwake mkokoteni mwingine, magunia mawili, kijana mmoja.
Walikwenda sambamba wakitaniana matusi,
hakuna aliyempita mwenziwe.
Nikaganda katikati ya barabara hadi nikapigiwa honi.

Kani ni mbili!
Ya Mwalimu Tsuma yasema njoo,
ya nyanya yasema sitaki,
na zote mbili hukua pamoja na mzigo.
Ndimu huvutwa kindimu, hukataa kindimu.
Mbuzi huvutwa kimbuzi, hukataa kimbuzi.
Ugomvi ukiisha, kinachobaki ni kilekile kwa wote,
mchapuko:
kila sekunde ipitapo, kasi yaongezwa mita kumi kwa sekunde
(tisa nukta nane, kwa wanaoogopa kiyama).

Jioni nikakaa na daftari sebuleni.
Nusu ya kumi, tano.
Moja na nusu mara moja na nusu, mbili na robo.
Tano mara mbili na robo:
mita kumi na moja na robo, toka roshani hadi chini.
Sikuwa na futi ya kupimia nyumba.
Nikamuuliza nyanya, naye bado amenuna,
kamba ya kikapu inayogusa chini ina urefu gani.

Hakuinua macho.
"Pima sita na shibiri. Nimeipima mwenyewe,
ilipokatika ile ya kwanza na mayai ya watu."
Mikono ya nyanya ni mirefu, ukoo wetu wote hivyo.
Nikageuza pima kuwa mita, kwa kalamu, kwenye kiganja.
Kumi na moja, na sentimita kama ishirini.
Nikarudia, mkono unatetemeka.
Zilizopungua ni tano, nimezisamehe:
kidole cha Fadhili kizito.

Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia yeyote.
Nyanya alikuwa ameshaikalia mbuzi, anakuna,
na kwenye sinia, katikati ya nazi laini,
ukaanguka utepe mmoja mnene,
wa lile jino.