Kabla Chai Haijachemka

Ukiiwasha saa kumi na mbili na robo
ulikuwa na wakati wa kuinjika sufuria,
kumenya viazi vitatu,
kumvalisha Wendo soksi, kuivua, kuigeuza,
na kurudi ukute kale kaduara bado kanazunguka
kama mgeni anayetafuta choo na anaona haya kuuliza.

Miaka tisa. Kamusi inaiita kipakatalishi,
na kweli nimeipakata kuliko nilivyompakata Wendo.
Nimeichapia tasnifu za watu arobaini hivi:
magonjwa ya kuku, riba za chama, uongozi wa shule za msingi.
Wao wakaitwa madaktari siku ya mahafali,
mimi nikabaki na mgongo.

Kaka yangu akasema, tupa, nunua mpya.
Mpya ni elfu sitini. Hiyo ni kodi ya Kariobangi
mpaka mvua za vuli.
Wengine wakasema ya kale ni dhahabu.
Hao hawajawahi kusubiri ya kale
ifungue ukurasa wa mia mbili na kumi.

Luthuli, ghorofa ya tatu, kibanda cha upana wa mlango,
jirani akijaribu spika hadi meno yanatikisika.
Nyaboke aliilaza kifudifudi
kama mama anayetaka mtoto acheue.
Skrubu kumi na moja. Akazipanga kwenye trei ya mayai,
kila moja na kiota chake.
Alipoinua kifuniko nikaona aibu,
kama mtu aliyefunguliwa chumba hajatandika:
unga wa biskuti, sisimizi mkavu,
uzi mwekundu wa sweta ya chekechea,
na kwenye feni, vumbi lililofumana likawa blanketi.
"Unaifunika baridi?" Hakucheka.

Akanieleza. Diski hii ya zamani ni sahani, inazunguka,
na humo ndani mna mkono unaopapasa
kama wewe ukitafuta kiberiti stima ikipotea.
Mpya haina kinachozunguka.
Akaniwekea kiganjani. Nyepesi kama kitambulisho.
"Na kumbukumbu tuongeze. Una gigi nne, tufanye nane."

Tuongeze kumbukumbu!
Alivyolitamka ungedhani ni chumvi.
Mama yangu kule Tala huzitafuta zake kila asubuhi,
ananiita kwa jina la shangazi, anaomba radhi, ananiita tena.
Na hapa ni elfu mbili mia tatu,
na waranti ya miezi mitatu.
Sikusema kitu.
Nilipunguziwa mia tatu.

Ilipowaka nilihesabu kwa sauti. Kumi na nne.
Nikamwambia izime, iwashe tena.
Kumi na tatu.
Diski ya zamani akanitilia kwenye bahasha ya kaki,
nami nikaiweka sikioni njiani, kama mjinga,
nisikie kama bado inatafuta.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo,
nikawasha, nikageuka kwenda jikoni kwa mazoea,
ikaniita.
Maji hata hayajaanza kunung'unika.
Kiazi kimoja, nusu ya ganda.

Sasa, kuna faili moja humo ndani inaitwa YANGU.
Ina kichwa, ina mstari mmoja, na mstari wenyewe nimeufuta mara mbili.
Walioniuliza niliwaambia mashine ni nzito,
na yenyewe, maskini, haikuwahi kunikana.
Leo imefunguka kabla sijavuta kiti.
Kijiti cheusi kinapepesa pale mwanzoni,
kwa mwendo uleule wa miaka tisa.
Hicho Nyaboke hakukigusa.

Wendo anaita kutoka chumbani: soksi iko kinyume.
Ngoja kidogo, nasema. Ngoja.
Kumbe sasa anayezunguka ni mimi.