Mtu Juu ya Ngazi

Hilkka Vuorela aliingia makumbusho ya Tampere
kwa mlango wa nyuma, mwaka sabini na moja,
kupiga chapa barua za mkurugenzi.
Hakuna aliyemwambia kwamba chini kuna ghala.
Alilifuata kwa pua. Harufu ya siki,
na siki, alinieleza baadaye, ni filamu inayokufa.

Alikuta makasha ya samaki,
na ndani yake, pahali pa samaki, vioo:
elfu nne mia moja na kumi na nane.
Akainua kimoja kwenye taa.
Theluji nyeusi kama masizi,
moshi wa kiwanda mweupe kama theluji,
kwani picha hasi husema kweli kinyumenyume.

Mkurugenzi akasema: Bibi, hivyo ni vioo tu.
Sanaa iko ghorofani, ina rangi ya mafuta.
Hilkka hakubisha.
Alivaa glavu, akaanza na kioo cha kwanza.

Mimi nilikuja miaka kumi na mitatu baadaye,
fundi wa kutundika. Nilikuwa na ngazi na timazi,
yeye alikuwa na jicho, na jicho lake liliishinda timazi yangu.
“Tauno, kushoto kidogo. Kidogo! Umepitiliza.”
Kwa miaka ishirini na tisa hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.
Sikuyachoka. Au niliyachoka, nikazoea.

Alipanda treni hadi miji ya mpakani
kuwahi albamu za marehemu
kabla warithi hawajazitia jikoni.
Alirudi na barafu kwenye viatu,
bahasha kifuani kama kichanga.
Ndoa yake ilidumu majira mawili ya baridi.
Mume alilalamika kuwa nyumba inanuka dawa.
“Ilinuka kweli,” alisema Hilkka.

Kisha yakaja maonyesho ya wasichana wa kiwanda cha pamba.
Kioo namba 212 kilikuwa na kibandiko:
Mwanamke asiyejulikana.
Mzee mmoja, kofia ya manyoya mkononi,
akasimama hapo mpaka mlinzi akaanza kuzima taa.
“Asiyejulikana na nani?” akauliza.
“Huyu ni Saima, shangazi yangu.
Mtambo wa kufuma ulimla vidole viwili.
Ndiyo maana ameuficha mkono kwenye aproni.”

Miaka minne Hilkka alikuwa akiitazama aproni ile,
akidhani ni haya.

Tangu hapo, kila Jumatano,
aliweka mezani chupa ya kahawa na picha hamsini,
wazee wakaja na miwani yao na ugomvi wao.
Huyu ni Eelis. Siye, Eelis alikuwa na kengeza.
Hilkka aliandika kila kitu kwa penseli.
“Wino una kiburi,” alisema.
“Penseli inajua kwamba kesho atakuja mtu.”

Alipostaafu walimpa maua na hotuba ndefu.
Mashine ikanakili vioo vyote kwa miezi saba,
naye akaja kuitazama, mikono mfukoni,
akauliza kama nayo huwa inakosea.
Alifariki Februari, ardhi ngumu kama chuma.
Tulitafuta picha yake ya kuweka kwenye jeneza.
Katika ghala zima tulipata moja:
glavu nyeupe, imeakisiwa na fremu ya mtu mwingine.

Juzi tulikuwa tunahamisha kabati, bahasha ikadondoka.
Ndani yake ni mimi. Mgongo, suruali yenye madoa ya chokaa,
mkono unapapasa ukuta kutafuta msumari,
na nywele, nywele nyingi, sikumbuki zilikwenda lini.
Sikuwahi kusikia kamera ikilia.
Nyuma yake, mwandiko mdogo ulioinama:
Mtu juu ya ngazi. Novemba 1986.
Tauno Risanen.

Jina langu lina s mbili.
Nilikaa nalo kitambo, pale sakafuni.
Kisha nikaenda kutafuta penseli.