Kutoa Upepo

Ashkhara, mwezi wa saba. Maskati watu wanaungua,
kitasa cha gari kinamenya vidole,
na mimi hapa nimevaa sweta la marehemu baba,
ukungu umekaa juu ya paa la kituo
kama shuka iliyosahauliwa kambani.

Mama anapiga simu kutoka Al-Khoudh:
"Baridi ya wapi hiyo, mwezi wa saba?"
Ya chini, mama. Ya chini kabisa.
Kusi linapita sambamba na pwani, linasukuma,
na maji ya juu, badala ya kwenda yanakotumwa,
yanapinda mkono wa kulia, yanajiendea bahari kuu;
pale yalipoondoka
maji ya giza yanapanda kuziba pengo.

"Kwa nini kulia?"
Kwa sababu dunia inazunguka, mama.
Nasikia kijiko kikigonga kikombe.
"Sisi tulifunzwa bendera hufuata upepo."
Bendera, ndiyo.

Mwezi wa tano tulishusha maboya arobaini.
Kila moja na soksi yake ya turubai, pana, yenye matundu,
inaning'inia mita kumi na tano chini
ili boya lishikwe na maji, lisishikwe na upepo.
Kila saa satelaiti inaniletea: lilikuwa hapa, sasa liko pale.
Kati ya hapa na pale nachora mstari,
naugawa kwa muda,
naitwa mtaalamu.

Kisha la thelathini na moja likaanza kukimbia.
Wenzake wanajikokota, lenyewe linakata
kaskazini mashariki, mbele ya upepo,
halipindi, wala halitazami kulia.
Mundhir akaruka kitini: mkondo mpya!
Tukauchora kwa kalamu nyekundu,
tukaupa jina la binti yake, Lujaina.
Siku tisa Lujaina alitiririka ukutani kwetu.

Siku ya kumi boya likasimama ufukweni, Asila.
Saa nne asubuhi likaondoka tena,
kilomita tisini kwa saa,
kuelekea bara.

Nililikuta Jaalan, nyuma ya zizi,
mbuzi wanajikunia.
Huwaishil, mwenye pikapu, hakuona haya:
"Kwanza nilidhani bomu. Halafu nikadhani riziki."
Nikalipindua. Pale pa soksi
palibaki kamba iliyolika, urefu wa kidole.
Siku zote tisa halikupima maji.
Lilikuwa bendera.

"Limenidanganya," nikasema.
Akamimina kahawa. "Kwa kiasi gani?"

Chuoni hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Usiku nikakaa nalo. Kiasi gani:
asilimia moja ya upepo, labda na nusu. Toa.
Kisha ule msukumo wa halali,
asilimia mbili na pembe yake. Toa nao.
Kikabaki kitu chembamba, kinatetemeka,
kinarudi kusini magharibi, kinyume na kila kitu,
mwendo wa mtu anayetafuta
alichokiangusha njiani.
Hiyo ndiyo bahari. Au ndiyo makosa yangu.
Kwa boya moja huwezi kutofautisha.

Mama alifika nchi hii na miaka saba.
Watu husema ni upepo wa mwaka ule uliowatupa huku,
yeye na ndugu zake na cherehani moja.
Hukasirika. "Mahali fulani," husema,
"nilitembea kwa miguu yangu."
Sijui ni asilimia ngapi.
Sijawahi kuthubutu kupiga hesabu hiyo.

Asubuhi nikampigia: mama, maji hufuata mkondo.
"Hilo nalo mmelisomea?"
Akacheka mpaka akakohoa.

Lujaina tumemfuta kwenye kompyuta.
Mundhir bado hajamwambia binti yake.
Kwenye ramani ya ukutani wino mwekundu
umekataa kutoka wote;
nimesugua kwa spiriti,
umebaki waridi hafifu, kando ya pwani,
ukielekea upepo unakoelekea.