Kaseti Yenye Mkia

Redio mpya, alisema Ejoyi fundi, ni laki mbili na nusu,
na hiyo ni bei ya shemeji.
Nikamwambia mimi si shemeji yako,
na hii Corona aliyoniachia baba
haifiki bei hiyo hata nikiiuza na dereva ndani.
Akacheka, akafuta kidole kwenye suruali,
akakichomeka mdomoni mwa redio.
"Hili linakula kaseti tu. Sidii litaitema."

Sidii ninayo moja.
Mwaka ule mihogo ilipooza shambani
alikuja kijana wa chuo na kinasa sauti,
akamkalisha baba na adungu lake uani, nyimbo nne,
kisha akatuletea kisahani kinachong'aa.
Baba alikitundika ukutani, akawa anajitazamia humo akinyoa.
"Ingekuwa kaseti ningeisikiliza garini,"
alisema mara moja, hakurudia.

Tulianza na kidude cha kuchomeka penye kiwashio cha sigara,
elfu kumi na mbili, kinarusha sauti hewani
umbali wa shubiri tatu, basi, hadi kwenye redio.
Lakini Arua mjini hewa imejaa, kila namba ina mwenyewe.
Baba akigusa uzi wa kwanza
mtangazaji anamdakia: mbuzi mweusi amepotea,
sikio la kushoto limekatwa, atakayemwona…
Nikakirudisha. Ejoyi alinikata elfu mbili
kwa kosa la kukifungua.

Ndipo akainamia kopo la maziwa ya unga, lenye misumari na fyuzi,
akavuta kaseti yenye mkia.
Haina utepe, haina wimbo.
Unailisha redio, redio inadhani imeshiba,
kumbe waya umetoka pembeni
umekwenda kuomba sauti kwingine.
Elfu saba. Diskimani nikamwazima mpwa wangu Drici,
nikailaza kiti cha abiria juu ya kipande cha godoro,
nikaifunga mkanda.

Shimo la kwanza, baba akaruka.
La pili, akarudia uzi uleule, uleule, uleule,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.
Nikaendesha mwendo wa kinyonga. Baiskeli zikanipita.
Mama mmoja aliyeanika muhogo kando ya lami
akaniuliza kama naumwa.

Nikaegesha. Nikazima injini, nikaacha ufunguo nusu.
Wimbo wa kwanza ukapita mzima. Wa pili.
Katikati ya wa tatu akakohoa, kile kikohozi cha tumbaku,
akauliza kwa Kilugbara,
"Na hiki kikohozi nacho mnakinasa?"
Na watu wakacheka, na mimi nimo mle, nacheka,
sauti nyembamba ya msichana wa miaka kumi na sita.

Sikujua kwamba nimo.

Nilirudisha mara ngapi, sikuhesabu.
Betri ndiyo iliyohesabu.
Nilipozungusha ufunguo gari lilisema *tk*, likanyamaza.

Vijana wanne wa madumu ya maji wakaja kusukuma.
Kabla ya kuinama, mrefu wao akaingiza kichwa dirishani,
akaitazama kaseti na mkia wake unaoning'inia.
"Tulikusikia kutoka kisimani," akasema.
"Yule mzee anayekohoa ni nani?"

Nikaweka gia ya pili, mguu kwenye klachi.
"Mwenye gari," nikasema. "Sukumeni."