Mstari wa Mwisho

Saa tano usiku, Mtumba.
Upepo wa Septemba unasugua vumbi kwenye kioo cha dirisha
kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa.
Seva inanguruma. Chai yangu imeota ngozi.

Faili ni moja tu:
bei za leo za soko la Kibaigwa.
Mahindi, mtama, uwele, alizeti, karanga,
kila neno ndani ya mabano yake,
mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea.
Halina rangi. Halina umbo.
Lenyewe halijui litasomwa na nani.

Kulivisha ni kazi yangu.
Nina laha tatu za mitindo:
ya simu ndogo, herufi nene, picha hakuna;
ya skrini pana za wakubwa, na grafu zake za kijani;
ya karatasi, nyeusi kwa nyeupe, yenye nafasi ya muhuri.
Seva humtazama anayebisha hodi:
umekuja na nini mkononi?
Halafu hushuka kwenye kanuni zangu, moja moja, kutoka juu,
ikasimama kwenye ya kwanza inayokubali.

Hapo ndipo nilipokosea.

Siku tisa,
nimezihesabu kwenye kumbukumbu za seva, siku tisa,
kila aliyebisha alivishwa karatasi.
Mzee Ndahani wa Bahi, na simu yake yenye ufa,
alipokea ukurasa mpana kama jamvi,
bei ya mtama imejificha kulia, nje ya kioo.
Akavuta, akavuta, bando likaisha.
Akauza magunia saba kwa bei aliyoitaja dalali.
Namba ya ofisi ilikuwa kushoto, chini. Hiyo aliiona.
Akanipigia, bila hasira,
na ndiyo iliyonichoma:
"Mwanangu, nilifikiri ni macho yangu."

Nimeusoma usanidi mara nne.
Hakuna mabano yaliyoachwa wazi, hakuna herufi iliyoruka.
Mashine haikunisaliti, ilitii nilichoandika.
Juu kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe:
yeyote yule, mpe karatasi.
Niliuweka pale siku mkurugenzi alipotaka nakala upesi,
nikasema nitaushusha kesho.

Yeyote Yule akishakaa mlangoni,
wenye majina yao hawapiti.

Naukata.
Naushusha chini ya wenzake wote,
uwapokee wasiotambulika,
kama mkeka unaotandikwa vitanda vikishajaa wageni.
Nahifadhi. Nafuta kurasa za akiba,
maana seva nayo hukumbuka mpaka iambiwe isahau.
Nawasha upya. Taa ya kijani, ya njano, ya kijani.

Natoa simu ya dada yangu Mchiwa,
ile kuukuu, kitufe cha tano kimefutika,
nabisha hodi kama mgeni.
Inasita.
Inasita tena.
Mtama, gunia, bei yake. Mistari mitano. Basi.
Nimeisoma kwa sauti, peke yangu,
mbele ya kabati la nyaya.

Saa sita na robo.
Magunia saba hayana kitufe cha kurudisha.
Naandika ujumbe: Mzee, jaribu tena sasa.
Nautazama. Naongeza:
Hayakuwa macho yako.